Rangi nyeusi ya gari: mnafanyaje nyumbani mpaka sura inaonekana kwenye boneti?

#1 MtiMkavu
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Crown Athlete nyeusi. Ilipotoka bandarini ilikuwa nyeusi ya kutisha. Sasa hivi kivulini iko poa, nikiitoa juani inageuka kijivu, halafu kwenye boneti kuna vimistari vya mviringo vinavyolizunguka jua popote linapopiga. Naiosha mwenyewe kila Jumapili hapa Tabata, sipeleki popote.

Sasa jirani yangu ana Mark X nyeusi, kuukuu kuliko yangu, ila ukisimama ubavuni mwake unaweza kunyoa ndevu. Nikimuuliza anacheka, "ni matunzo tu bwana". Mimi naamini kuna kitu watu wanapaka na hawasemi. Ni waksi gani? Au ndiyo hiyo seramiki inayotajwa sana? Nataka nifanye mwenyewe nyumbani, habari za kuacha gari kwa fundi siku tatu sizitaki.

#2 Kibega cha Mbele
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu waje.

#3 Msasa2000
Mkuu, kabla ya waksi jibu maswali matatu. Sabuni gani, kitambaa gani, ndoo ngapi?

#4 MtiMkavu
Sabuni ya unga kidogo, fulana zilizochoka, ndoo moja. Kukausha natumia kile kitambaa cha njano cha kwenye kopo, wanachouza machinga pale mataa.

#5 Msasa2000
Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Vile vimistari unavichora wewe kila Jumapili.

Vumbi la Dar ni mchanga. Ukichovya fulana kwenye ndoo moja, unafuta sketi za chini karibu na matairi, unarudi kwenye ndoo, halafu unaenda boneti, umeubeba ule mchanga ukaupandisha juu. Kitambaa cha njano nacho kikikauka kidogo kinakuwa kigumu, na kinaburuza kilichobaki. Rangi inang'aa kwa sababu uso wake umenyooka, mwanga ukigonga unarudi upande mmoja. Uso ukijaa mikwaruzo midogo, mwanga unatawanyika kila upande, jicho lako linaona ukungu. Ndiyo hicho kijivu unachokisema. Rangi haijabadilika.

Fanya hivi. Gari iwe kivulini na boneti imepoa. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, mchanga ushuke wenyewe. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila unapomaliza paneli. Glovu iwe ya maikrofaiba. Anza rufu, shuka, sketi na rimu mwisho kwa kitambaa chake peke yake. Kukausha chukua taulo nene la maikrofaiba, lilaze juu ya boneti ulivute taratibu, usisugue. Sabuni ya unga waachie madera.

#6 DizeliNyepesi
Ndoo mbili, glovu, taulo lake... hiyo ni gari au mtoto mchanga? Huku Mwanza vijana wanatia dizeli kidogo kwenye maji ya mwisho, wanapitisha kitambaa, gari inawaka mpaka unaogopa kuigusa. Nusu saa umeondoka.

#7 Msasa2000
Inawaka kwa sababu mafuta yamejaza mikwaruzo. Mikwaruzo ipo palepale. Ukitoka hapo mpaka Buzuruga vumbi lote limeganda kwenye hayo mafuta, kesho unalisugua tena, unaongeza mengine. Na mipira ya milango haipendani kabisa na dizeli, inavimba na kulegea.

#8 Mama Raum
Namuunga mkono #7. Kijiwe kimoja nilichokuwa napeleka walikuwa wanapaka mchanganyiko wao wa mafuta kila mahali, mpaka kwenye zile plastiki nyeusi za bampa. Siku ya kwanza nilifurahi nikawapa na hela ya soda. Baadaye plastiki zikaanza kuwa na mabaka meupe yasiyotoka, na mpira wa mlango wa nyuma ukawa mrefu kuliko mlango. Ukifunga, kipande kinaning'inia nje.

#9 DizeliNyepesi
Mama Raum, huo mpira ulikuwa umezeeka tangu Japani, msimsingizie dizeli.

#10 Mama Raum
Wa kushoto wenye umri uleule mbona mzima? Kwa sababu kijana alikuwa anaanzia kulia kitambaa kikiwa kimelowa.

#11 Kipimo Maikroni
Wadau, mnazungumzia kuosha, sawa, lakini hamjagusa rangi yenyewe. Gari ya kiwandani ina praima, yaani rangi ya msingi, juu yake rangi, juu yake klia, ile mafundi wetu wanaita vanishi. Jumla yote ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani unene wa karatasi moja ya A4 au zaidi kidogo. Klia peke yake ni 35 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa kichwani. Kila ukipiga kompaundi, ile polishi kali ya kusaga, unakula kidogo katika hiyo, na klia haioti tena. Kwa hiyo mtu akikuambia "piga polishi kila mwezi ing'ae", anakumalizia gari.

MtiMkavu, fungua boneti, tafuta kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta wa injini, angalia palipoandikwa C/TR. Hiyo namba ya kwanza ndiyo rangi. Kama ni 202, pole. Ndiyo nyeusi ya Toyota inayochanika ovyo kuliko zote, hata ukiitazama vibaya inachubuka. 209 ina unga wa maika, yale madini yanayometameta, ndani, angalau inaficha.

#12 Chuma Chakavu
202 haina klia kabisa mkuu. Ni rangi moja nzito mpaka chini. Ndiyo maana.

#13 Kipimo Maikroni
Chuma Chakavu punguza kasi. Inategemea gari na mwaka. Ipo 202 yenye klia na ipo isiyo nayo. Namba ya rangi haikuambii peke yake. Nyeupe ya 040 ndiyo mara nyingi haina klia kwenye gari za zamani, na hata hapo nisingeapa.

#14 Chuma Chakavu
Nimefanya kazi gereji Ilala muda mrefu. 202 zote nilizogusa, kitambaa kinatoka cheusi.

#15 Binti wa Chumbageni
Samahani, "kitambaa kinatoka cheusi" ndiyo nini?

#16 Chuma Chakavu
Chukua kitambaa safi cheupe, weka polishi kidogo, sugua sehemu ndogo. Kama kitambaa kinachukua rangi ya gari, unagusa rangi yenyewe. Kama kinatoka na uchafu wa kijivu tu, kuna klia katikati. Gari nyeupe tumia kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu.

#17 Kunguru Mweusi
Nyie mnaendelea na vitambaa, mimi naona tatizo ni kununua gari nyeusi kwenye nchi ya vumbi. Chukua rangi ya fedha ya Toyota, namba 1F7, unaosha mara moja kwa mwezi na hakuna anayejua.

#18 Kibega cha Mbele
Jina lako na ushauri wako haviendani 😂

#19 Kisimani Kigamboni
Hamjagusa maji. Sisi wa Kigamboni na mabondeni huko visima vina chumvi. Osha kwa kisima halafu acha ikauke juani, boneti inajaa vidoa vya mviringo vyenye ukingo mweupe. Wiki za mwanzo vinatoka. Ukiviacha vikapikwa na jua vinakula klia, unabaki na shimo la duara ambalo hata ukipaka nini linaonekana. Mwenye uzi aseme maji yake ni ya bomba au ya kisima. Na Dodoma wenzetu hali ni hiyohiyo.

Mimi natumia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nalowesha kitambaa, nakilaza juu ya doa dakika moja mbili, nasuuza vizuri. Isikaukie hapo.

#20 Msasa2000
Siki inatoa chumvi kweli, ila na waksi inaondoka nayo. Ukitumia siki upake waksi upya.

#21 MtiMkavu
Nimerudi wakuu, asanteni. Mambo mawili.

Kwanza kibati kinasoma 202. Pili nimefanya jaribio la #16 kwenye kona ya buti. Kitambaa kimetoka cheusi ti. Nimekwisha?

Maji ni ya kisima cha jirani. Ndiyo, yuleyule wa Mark X.

#22 Kibega cha Mbele
Anakuuzia maji ya chumvi, yake anaoshea ya bomba la DAWASA. Siri imejulikana, uzi ufungwe.

#23 Chuma Chakavu
#21 nilisema mimi. Haina klia. Hujaisha, umebahatika. Rangi isiyo na klia unaweza kuisugua na ikarudi nyeusi, kwa sababu kinachopauka ni ngozi ya juu tu. Klia ikifa ndiyo imekufa, inabanduka vipande na hakuna polishi itakayoirudisha.

#24 Rangi ya Oveni
Hapana. Msiende haraka. Kuna majibu mengine ya kitambaa cheusi. Gari imepigwa rangi upya. Crown nyingi zinazoshuka hapa zimeguswa bampa na buti huko huko au kwenye gereji zetu baada ya kufika, na rangi ya bei nafuu isiyotumia hadina, ile dawa ya kugandisha rangi, inaachia kirahisi sana. Angalia kwenye mipira ya buti na chini ya nembo. Ukiona mstari wa utepe, au vumbi la rangi kwenye mpira, hiyo buti si ya kiwandani. Fanya na jaribio la tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kitambaa chenye tina kidogo, sugua mahali pasipoonekana, mfano ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ikilainika na kunata, ni rangi ya dukani isiyo na hadina.

#25 Kipimo Maikroni
Rangi ya Oveni, uchunguzi mzuri lakini mahali ulipochagua ni pabaya. Ndani ya kifuniko cha mafuta mara nyingi hubaki rangi ya kiwandani hata kama nje pamepigwa mara tatu. Utapata jibu la mwaka gari ilipotengenezwa, si la buti. Ajaribu ukingo wa chini wa buti yenyewe, upande wa nje, penye giza.

Na kuna jibu la tatu hamjalitaja. Kuna mtu alishapiga mashine akatoboa klia kwenye kona. Kona na kingo ndipo klia huwa nyembamba, na yeye kajaribia kona. Apime katikati ya mlango kabla hatujaandika hati ya kifo.

#26 DizeliNyepesi
La nne ni kwamba gari ni chafu.

#27 Mama Raum
😂😂 Kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe.

#28 Nyundo ya Mpira
Kwa kweli #26 ametania lakini yuko sahihi kiasi. Rangi ikionekana safi haina maana ni safi. Osha gari, kausha, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi, pitisha vidole taratibu juu ya boneti. Plastiki inaondoa hisia ya ngozi yako na unasikia kila kipele. Ukisikia chenga ujue kuna lami, utomvu, na chembe za chuma zinazotoka kwenye breki na kujishika kwenye rangi. Sabuni haivitoi. Dawa yake ni udongo wa kung'arishia, ule unaouzwa kama kipande cha plastisini. Lowesha kwa maji ya shampuu, uuteleze bila kukandamiza, kila baada ya muda uukunje upate upande safi. Ukidondoka chini tupa. Watu wanaokota, wanapangusa kwenye suruali na kuendelea, hapo unasugua gari kwa kokoto.

Boneti ikishateleza ndipo uamue kama unahitaji kompaundi. Magari mengi yanaishia hapo na waksi, yanapendeza vya kutosha.

#29 Ndugu Bafu
Mimi natamani kujua kuhusu mashine. Fundi wa mtaani kwetu anafunga sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma. Ni sawa?

#30 Msasa2000
Kimbia. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine halisi ya polishi ya kuzunguka inaanzia 600 na mwisho wake ni 3,000 hivi, na bado mtu akituliza mkono sehemu moja joto linaunguza rangi. Shemeji yangu alimpa kijana wa grenda Harrier yake, ile mistari ya mgongo wa boneti ikarudi ikiwa na rangi ya praima. Kijana akasema "hapo rangi ilikuwa imechoka mzee".

Kwa mtu wa nyumbani tafuta ile mashine inayozunguka huku inatikisika, wengi wanaiita DA. Ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuunguza. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mipira. Fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita, pita polepole kwa urefu halafu kwa upana, mara nne hadi sita, futa, tazama. Anza na polishi laini na pedi laini. Ikitosha, hakuna sababu ya kupanda kwenye kali.

#31 Binti wa Chumbageni
Na asiye na mashine?

#32 Msasa2000
Mkono unafanya kazi, bega ndilo litalalamika. Boneti Jumamosi hii, milango ya kushoto ijayo. Usianze saa tatu ukitaka gari yote iishe jioni, mwisho unaanza kufuta hovyo na unaharibu ulichofanya asubuhi.

#33 Kipimo Maikroni
Nyongeza muhimu. Baada ya polishi, futa sehemu hiyo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha usiku au ndani ya banda piga tochi ya simu kwa pembeni. Polishi nyingi zina mafuta yanayofunika mikwaruzo, ukitazama mara moja unaona umemaliza. Spiriti inatoa mafuta, tochi inasema ukweli. Hiyo ndiyo tofauti ya gari iliyorekebishwa na gari iliyopakwa. Nahisi ile Mark X ya jirani ukiipiga spiriti utaongea mengine.

#34 Jirani wa Tabata
Mimi ndiye jirani. Spiriti msije nayo kwangu. Na MtiMkavu arudishe kwanza ngazi yangu.

#35 Kibega cha Mbele
Uuuuwi 😂 nimemwaga chai.

#36 MtiMkavu
Huyu si yeye, jirani yangu hajui hata kuingia humu. Halafu ngazi ni yangu.

#37 Mpwani Mstaarabu
Assalam aleikum. Sisi Mombasa hapa tuna shida nyingine, umande wa chumvi ya bahari. Asubuhi gari imelowa, na juu yake vumbi la jana. Watu wanatoka na lile duster la manyoya, wanapangusa kabla ya kwenda kazini. Huo ndio msasa wenyewe! Mchanga mbichi na manyoya. Kama huna maji acha gari iende chafu. Ndugu zetu waosha magari hawapendi kusikia hili.

#38 Fundi Nta
Turudi kwenye swali la #1, mwenye uzi aliuliza waksi au seramiki, mmemzungusha gereji nzima.

Waksi nzuri ya asili ni nta ya kanauba. Inatoka kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, majimbo ya Ceará na Piauí. Inayeyuka nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ndiyo maana inavumilia boneti. Juu ya rangi nyeusi inaleta ule muonekano wa gari iliyolowa maji ambao sijauona kwa kitu kingine. Ubaya wake haidumu. Kwa jua letu na kuosha kila wiki, ukipata miezi miwili shukuru. Paka nyembamba sana, subiri ipauke kidogo, futa. Watu wanapaka nene, wanahangaika kufuta jasho linawatoka, na iliyobaki kwenye kitambaa ni hela.

#39 DizeliNyepesi
Mshumaa je? Si nta pia?

#40 Fundi Nta
Mshumaa wa dukani mara nyingi ni nta ya parafini inayotokana na mafuta ghafi, unalainika kwenye nyuzi 50 hadi 65. Boneti nyeusi saa saba mchana inapita 60 bila wasiwasi. Utakuwa umeipaka gari yako ulimbo wa kunasia vumbi.

#41 Seramiki Daima
Waksi ni mambo ya wazee. Seramiki ni dawa ya maji yenye silika, inashika kwenye klia yenyewe, miaka inakaa, maji yanateleza yanaondoka na vumbi. Ugumu wa 9H, hata mkwaruzo haupati.

#42 Kipimo Maikroni
Hapa ndipo wauzaji wanapowapigia. 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti wanakwaruza uso, 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye seti. Haina uhusiano na ugumu wa almasi au mawe. Mchanga wa kwarizi bado unaikwaruza vizuri tu, na funguo ya mtoto wa mtaani ndiyo kabisa. Seramiki inakusaidia kuosha kwa urahisi na kuzuia mavi ya ndege yasishike haraka. Haikupi ruhusa ya kurudi kwenye fulana na ndoo moja.

#43 Seramiki Daima
Umewahi kutumia au unasoma tu?

#44 Kipimo Maikroni
Ipo juu ya gari yangu sasa hivi, ndiyo maana naijua mipaka yake.

#45 Mzenji wa Dubai
Salaam kutoka Sharjah. Huku gari ni mchanga na joto, na Dubai ukiiacha gari chafu imeegeshwa barabarani muda mrefu unaweza kulimwa faini ya dirham 500, kwa hiyo watu wanaosha kwa hofu. Nimepaka seramiki mwenyewe nyumbani. Kinachowashinda wengi ni wakati wa kufuta. Unapaka kipande kidogo, ndani ya dakika chache inaanza kutoa rangi za upinde wa mvua juu ya rangi ya gari, hapo hapo ufute. Ukichelewa inaganda na mistari, na haitoki ila kwa polishi. Unyevunyevu na joto vinaiharakisha, kwa hiyo Dar na Unguja mfanye alfajiri mlangoni mwa banda, si mchana. Na kitambaa ulichotumia hakifuliki tena kwa kazi ya gari, kinakauka kigumu.

Ila jambo moja. Seramiki inafungia kilichopo. Ukipaka juu ya mikwaruzo, umeihifadhi.

#46 MtiMkavu
Mzenji hili la mwisho limenigusa. Kwa hiyo kwa vyovyote polishi lazima ije kwanza?

#47 Mzenji wa Dubai
Lazima, bwana. Hakuna njia ya mkato hapo.

#48 Chuma Chakavu
Na kama ni 202 isiyo na klia, seramiki inashika nini? Usimdanganye.

#49 Mzenji wa Dubai
Inashika kwenye rangi. Nimeona Land Cruiser nyeupe za zamani zisizo na klia zimepakwa na zinateleza maji.

#50 Chuma Chakavu
Kuteleza maji hata mafuta ya nazi yanateleza maji.

#51 Rangi ya Oveni
Hapo Chuma Chakavu umesema kweli moja leo. Matone kukaa duara juu ya boneti si ushahidi wa kung'aa. Rangi mbovu iliyopakwa waksi inatengeneza matone mazuri sana.

#52 Kisimani Kigamboni
Na hayo matone yakiwa ya kisima yanakauka yakiwa duara, yanaacha duara. Nimesema tangu #19, kausha gari!

#53 Kunguru Mweusi
Mavi ya ndege hamjayamaliza. Mimi naegesha chini ya mwembe.

#54 Nyundo ya Mpira
Wewe si ndiye unayeyaangusha? Haya, ukiyaona usiyakwangue makavu. Lowesha karatasi laini, iweke juu yake dakika kadhaa, halafu nyanyua. Jua likiyapiga siku nzima yanaacha alama kwenye klia. Hawa kunguru wa Dar walianzia Unguja, waliletwa kutoka India miaka ya 1890 eti wasafishe taka. Sasa wanasafishia kwenye boneti zetu. Na mwembe wenyewe unadondosha utomvu, bora ukae juani na waksi kuliko kivulini na mwembe.

#55 Fundi Nta
Hilo la jua na mwembe nalikataa. Jua ndilo linaloua klia, rufu na boneti ndizo zinazopauka kwanza, ubavuni kunabaki salama. Nunua turubai.

#56 Mpwani Mstaarabu
Turubai juu ya gari yenye vumbi na upepo wa kusi? Linapapatika usiku kucha, asubuhi una msasa wa gari nzima.

#57 Ndugu Bafu
Jamani taa za mbele zimekuwa njano, dawa ya mswaki inasaidia?

#58 Msasa2000
Inasaidia wiki chache. Dawa ya mswaki ina unga unaosaga polepole, inatoa ile ngozi ya njano. Lakini taa za plastiki zilitoka kiwandani na tabaka la kuzuia mionzi ya jua, na hilo unaliondoa pamoja. Usipopaka kinga mpya inarudi njano haraka zaidi ya mwanzo. Fungulia uzi wake mkuu, tusichanganye.

#59 MtiMkavu
Mrejesho mfupi. Nimepima katikati ya mlango wa dereva kama alivyosema #25. Kitambaa kimetoka cha kijivu, si cheusi. Boneti, kijivu. Buti, kona zote mbili, cheusi. Chini ya nembo ya buti kuna kamstari.

#60 Rangi ya Oveni
Buti imepigwa rangi. Nilisema.

#61 Kipimo Maikroni
Au imepigiwa mashine kona. Kamstari kanaweza kuwa ni uchafu wa polishi uliokauka pembeni ya nembo. Kajaribu kukatoa kwa mswaki laini na maji ya shampuu. Katikati ya buti umepima?

#62 Chuma Chakavu
Na mimi nasema mlango hukusugua vya kutosha.

#63 MtiMkavu
Katikati ya buti kitambaa kina kijivu chenye weusi kidogo, sijui nikiweke upande gani. Nimenunua ndoo ya pili na glovu. Jumamosi naanza boneti peke yake kwa mkono, polishi laini, buti siigusi mpaka mkubaliane.

#64 Kibega cha Mbele
Buti itakaa hivyo mpaka uiuze.

#65 Binti wa Chumbageni
Mimi nina Vitz nyeupe ya lulu, namba 070, mlango umekwaruzwa mpaka praima. Duka moja wameniuzia kichupa cha rangi ya kugusia, nimepaka imekuwa nyeupe ya maziwa, haifanani. Kosa ni la kichupa?

#66 Rangi ya Oveni
Dada, 070 ni hatua tatu. Nyeupe chini, juu yake tabaka la lulu, juu yake klia. Kichupa kimoja kinakupa ile ya chini tu. Waulize kama wana cha lulu, wakikuangalia kwa mshangao ondoka. Mkwaruzo una urefu gani?